Kutoka Ukungu wa Rangi hadi Hewa Inayorudishwa: Historia ya Chumba cha Kupulizia Rangi Viwandani

Katika kiwanda cha kuunda magari, idara inayotumia nishati nyingi kuliko zote kwa kawaida si ile ya kukunja mabati wala ile ya kuchomelea bodi, bali ni idara ya rangi, ambayo mara nyingi hula zaidi ya nusu ya nishati yote ya kiwanda. Ndani ya idara hiyo sehemu kubwa ya gharama huenda kwenye hewa, kwa kuwa lazima ivutwe kutoka nje, ichujwe, ipashwe joto au ipozwe, ipewe unyevu unaotakiwa, ishushwe taratibu kutoka darini hadi sakafuni, kisha itolewe. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 hewa hiyo ilikaa chumbani kwa sekunde kumi hivi, ikatupwa nje pamoja na joto lake lote. Chanzo cha ubadhirifu huo, na sababu ya kuchukua miongo mingi kuupunguza, vinahusu zaidi mapafu ya mafundi na hofu ya moto kuliko upungufu wa mitambo ya kuokoa joto.

Upuliziaji wa rangi wenyewe ulianza kwa shughuli nyingine kabisa. Mjini Chicago, Joseph Binks, msimamizi wa matengenezo katika duka kubwa la Marshall Field, alitengeneza mashine ya kupulizia chokaa kwenye kuta za ghorofa ya chini ya ardhi, na majengo meupe ya maonyesho ya dunia ya mwaka 1893 mjini humo yalipakwa kwa njia ya kupulizia. Huko Toledo, Ohio, tabibu Allen DeVilbiss alikuwa amebuni kipulizio cha dawa ya koo, na mwanawe Thomas, mwanzoni mwa karne ya 20, akaigeuza kanuni ile ile kuwa bunduki ya rangi inayoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa. Ni ajabu kidogo kwamba chombo kilichobuniwa kuponya koo ndicho kilichokuja kuwajaza mafundi ukungu wa rangi vifuani.

Bunduki hiyo haikutawala viwanda vya magari hadi rangi yenyewe ilipobadilika. Mwanzoni bodi za magari zilipakwa vanishi kwa brashi, tabaka juu ya tabaka, kazi ambayo pamoja na kusubiri kukauka iliweza kuchukua wiki kadhaa. Mwaka 1923 kampuni za DuPont na General Motors zilileta laka iliyoitwa Duco, yaani rangi ya nitroselulosi iliyoyeyushwa katika vimiminika vinavyovukiza upesi, nayo ikapunguza muda huo kutoka wiki hadi saa. Kwa kuwa laka ya namna hiyo hukauka kabla brashi haijamaliza kupita, kupulizia kukawa ndiyo njia ya lazima. Lakini nitroselulosi ni jamaa wa karibu wa pamba ya baruti, mvuke wa viyeyushi vyake huwaka kwa cheche ndogo, na kwa bunduki za hewa za wakati huo nusu ya rangi au zaidi iliweza kukosa kushika bodi ikabaki ikielea. Miongoni mwa viyeyushi vilivyotumika ilikuwamo benzini, sumu inayoharibu uwezo wa mwili kutengeneza damu, ambayo Alice Hamilton, daktari wa maradhi ya kazini na mwanamke wa kwanza kufundisha Harvard, alikuwa miongoni mwa walioitolea onyo mapema.

Jibu la viwanda lilikuwa chumba maalumu chenye feni. Hewa ilipewa kazi tatu kwa pamoja: kumwondolea fundi ukungu usoni, kuupunguza mvuke usifikie kiwango cha kulipuka, na kuzuia chembe za rangi zisirudi kutua kwenye bodi iliyokwisha kupakwa. Baadaye kanuni za usalama za Marekani zilikuja kutaja viwango, kama vile futi 100 kwa dakika, sawa na takriban mita 0.5 kwa sekunde, katika baadhi ya vyumba, pamoja na sharti kwamba mvuke usizidi robo ya kiwango cha chini kabisa kinachoweza kulipuka. Na zikakataza kuirudisha chumbani hewa iliyokwisha kutumika. Katazo hilo lilikuwa la busara kwa fundi, ila lilimaanisha kwamba kila mita ya ujazo iliyoingia ilipaswa kuwa mpya.

Hesabu fupi inaonyesha uzito wa jambo lenyewe. Chumba chenye upana wa mita 5 na urefu wa mita 30, kikishushiwa hewa kwa kasi ya mita 0.4 kwa sekunde, kinahitaji mita za ujazo 60 kila sekunde, yaani 216,000 kwa saa. Kuipandisha hewa hiyo kutoka nyuzijoto 2 za asubuhi ya baridi hadi 22 kunadai takriban kilowati 1,440 mfululizo, kabla ya kuhesabu umeme wa feni. Wakati mafuta yalikuwa rahisi, wachache walijali. Bei zilipopanda ghafla mwaka 1973, kila meneja wa kiwanda alianza kulitazama dohani kwa jicho jingine.

Mbinu za kuokoa joto hazikuwa ngeni. Friedrich Siemens alikwisha kuzitumia katika tanuri mwaka 1856, kwa kupitisha moshi kwenye matofali ambayo baadaye yalipasha hewa iliyokuwa ikiingia, na miaka ya 1920 Msweden Fredrik Ljungström alitengeneza gurudumu linalozunguka kati ya mikondo miwili, likibeba joto kutoka hewa inayotoka hadi hewa inayoingia. Kikwazo kilikuwa ukungu wa rangi, ambao ulinata kwenye kila uso uliougusa, hata vibadilishajoto vikaziba. Isitoshe, vyumba vingi vilikamata ukungu huo kwa pazia la maji chini ya sakafu, na hewa ilipopita majini ilipoa na kulowa, hivyo sehemu ya joto lililolipiwa iligeuka kuwa unyevu na tofauti ya nyuzijoto ikapungua. Katika mwambao kama wa Mombasa au Dar es Salaam mtambo wa kuokoa joto ungekuwa na kazi ndogo zaidi, kwa kuwa huko mzigo mkubwa ni kuikausha hewa.

Shinikizo la pili lilitoka angani. Baada ya Arie Haagen-Smit kuonyesha, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwamba mvuke wa kikaboni ukipigwa na jua pamoja na oksidi za nitrojeni huzalisha ozoni, Los Angeles ilitunga mwaka 1966 Kanuni ya 66 iliyobana viyeyushi. Baadhi ya viwanda vya General Motors huko California vilihamia kwenye rangi za maji katika miaka ya 1970, hatua iliyosafisha anga lakini ikaongeza mahitaji ya nishati, kwa sababu maji hukauka vizuri katika masafa membamba tu ya joto na unyevu. Vingine vilifunga vichomeo vya kuunguza mvuke kwa takriban nyuzijoto 800, vikiokoa joto kwa vitanda vya kauri kwa kanuni ile ile ya Siemens.

Badiliko kubwa zaidi, hata hivyo, lilitoka mji mdogo wa Bryne, Norwei, ambako kiwanda cha Trallfa kilichotengeneza matoroli kilikosa watu wa kupulizia rangi, na mwaka 1967 mhandisi Ole Molaug akakitengenezea roboti ya kuifanya kazi hiyo. Umuhimu wake kwa hewa ulieleweka polepole: pasipo binadamu chumbani, kasi ya hewa inaweza kupunguzwa, na hewa iliyochujwa vyema inaweza kurudishwa, mradi mvuke upimwe wakati wote. Feni nayo hunufaika kupita kiasi, kwani mtiririko ukipunguzwa kwa nusu katika mfumo ule ule, nguvu inayohitajika hushuka hadi karibu moja ya nane.

Kilichobaki ni lile pazia la maji. Katika muongo wa kwanza wa karne ya 21 kampuni ya Dürr ya Ujerumani ilileta mfumo wa kukamata ukungu kwa unga wa mawe ya chokaa unaofunika vichujio, unga ambao ukishajaa rangi unaweza kupelekwa viwanda vya saruji. Hewa inayotoka hapo haijapoa wala kulowa, kwa hiyo takriban asilimia 80 yake hurudishwa ikihitaji marekebisho madogo tu, na kampuni yenyewe inadai kwamba nishati ya chumba hupungua kwa hadi asilimia 60. Kwa kuwa viyeyushi hujikusanya katika hewa inayozunguka, sehemu yake hutolewa kila wakati kwenda kwenye kichomeo, ambacho sasa kinaweza kuwa kidogo zaidi. Pengo lake hujazwa mara nyingi na hewa inayotoka katika sehemu ambazo mafundi bado huingia kukagua na kurekebisha, ambako sharti la hewa mpya lingali linadumu.