Briji: swali moja la «huna kopa?» lililogawanya kanda za dunia

Wengi wetu tunajua karata za jioni, zile za kelele na matani. Briji nayo ni karata, ila inachezwa na watu wanne, wawili kwa wawili, na sheria yake kubwa ni kimya. Huna ruhusa ya kumwambia mwenzako unashika nini. Habari inapita katika mnada wa mwanzo na katika karata unazoweka mezani, basi.

Hesabu ya briji ya sasa ilipangwa na Mmarekani Harold Vanderbilt mwaka wa 1925, akiwa melini kupitia mfereji wa Panama. Mwaka wa 1958, wajumbe wa Ulaya, Marekani na Amerika ya Kusini walikutana Oslo wakaunda Shirikisho la Dunia la Briji. Baadaye dunia ikagawanywa katika kanda nane. Amerika ya Kaskazini ni ukanda wa 2, Afrika ni ukanda wa 8. Kitabu cha sheria kilikuwa kimoja, lakini mahali fulani kiliacha kila ukanda ujichagulie.

Chaguo moja lilihusu neno dogo. Karata ya kwanza ni kopa, na kila mwenye kopa lazima aitoe. Mwenzako anatupa karata ya aina nyingine. Je, unaweza kumuuliza: «Huna kopa?» Sheria ya 1997 ilisema hapana kwa wale wawili wanaompinga aliyeshinda mnada, isipokuwa ukanda wao umekubali. Amerika ya Kaskazini ilikubali; sehemu nyingi nyingine zilikataa.

Kila upande ulikuwa na hoja. Swali linamwokoa mtu aliyechoka asiadhibiwe kwa kosa la macho. Lakini ukiuliza leo kwa mshangao na kesho ukanyamaza, mwenzako amekwisha kuelewa unashika nini. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Mwaka wa 1975, katika mashindano ya dunia huko Bermuda, pazia liliwekwa juu ya meza ili wenzi wasionane, na bado mchezaji mmoja wa Italia alionekana akigusa miguu ya mwenzake. Walionywa, na vimeza vikawekwa chini kuzuia miguu.

Chaguo la pili lilihusu fidia. Mwamuzi anapofuta matokeo yaliyoharibiwa na kosa, Ulaya ilipima uwezekano wote na kugawa pointi kwa asilimia. Amerika ya Kaskazini ilimpa asiye na kosa matokeo mazuri zaidi yaliyowezekana. Kosa lilikuwa lile lile, lakini malipo hayakulingana.

Sheria ya 2007 ilifungua swali la «huna kopa?» kwa wote, kwa sharti moja: likimpa mwenzako habari, haruhusiwi kuitumia. Sheria ya 2017 ikaondoa tofauti ya fidia.

Hata hivyo, hadi leo wasimamizi wa kila eneo huamua mbinu zipi za mnada zinaruhusiwa na zipi hapana. Hilo peke yake si uonevu. Uonevu ni mgeni kuadhibiwa kwa jambo linaloruhusiwa kwao, bila kuelezwa kabla ya karata kugawanywa. Ndiyo maana mashindano mazuri hutangaza kanuni zake mapema, na mchezaji mwenye akili huzisoma kabla ya kusafiri.