Asili ya uvumi wa "kuku wa homoni"

Shangazi yangu, ambaye sisi Waganda tunamwita Ssenga, hufuga kuku wa nyama Mukono. Mwaka jana mteja alimrudishia kuku kumi akidai kwamba kuku wa wiki sita hawezi kuwa mzito hivyo bila kulishwa homoni. Ssenga alinigeukia mimi niliyesoma, nami nikakosa jibu. Insha hii ni deni lake.

Uvumi huo haukuzuka bure. Katika miaka ya 1940, wafugaji wa Marekani walianza kuwapachika majogoo kidonge cha estrojeni ya kutengenezwa chini ya ngozi ya shingo, ili wanenepe na nyama iwe laini. Mwaka 1959 matumizi hayo kwa kuku yalisimamishwa. Kidonge kiliondoka, hofu ikabaki.

Elimu ya homoni yenyewe inamdai kuku. Mwaka 1849, Arnold Berthold wa Göttingen alieleza jinsi alivyowahasi majogoo sita wachanga. Wale aliowarudishia korodani tumboni, hata zikiwa za mwenzao, waliwika na vilemba vyao vikakua. Aliona kwamba kuna kitu kinachosafiri kwa damu. Jina "homoni" lilikuja baadaye sana, mwaka 1905, kwa Ernest Starling.

Waliofuata waligundua kwamba chakula ndicho kinachoziamuru homoni hizo. Kifaranga akinyimwa chakula, T3, homoni inayotokana na tezi ya shingo, hushuka katika damu. Akila tena, hupanda. Jambo lililonishangaza ni hili: wakati wa njaa homoni ya ukuaji huongezeka, na kifaranga hakui! Basi kumwongezea homoni hiyo kungesaidia nini? Tena ni protini. Ikiliwa, humeng'enywa tumboni kama soya.

Ushahidi ninaouamini zaidi ulitoka Kanada na ulichapishwa mwaka 2014. Watafiti walilisha chakula kilekile kuku wa ukoo uliohifadhiwa tangu 1957 na wa ukoo wa 2005. Siku ya 56, wa kwanza walikuwa na wastani wa gramu 905, wa pili gramu 4,202. Tofauti hiyo ilitokana na uteuzi wa mbegu.

Nilimsomea Ssenga haya yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba nimwandikie zile namba mbili kwenye karatasi, aibandike mlangoni mwa banda.