Ngonjera katika Nchi ya Wagogo: Ushairi Bora na Maisha ya Kila Siku Pembezoni mwa Reli ya Kati

Katika historia za fasihi ya Kiswahili, ushairi bora huwekewa makao yake pwani: Lamu, Mombasa, Pemba na Tanga. Bara huhesabiwa kuwa mpokeaji tu. Hudhaniwa pia kwamba ushairi huo ni mali ya wachache wenye elimu, na kwamba watu wa kawaida wana utamaduni wao mwingine wa ngoma, nyimbo na redio. Historia ya nyanda za kati za Tanzania inazitia shaka dhana zote mbili.

Gulwe imo wilayani Mpwapwa, katika nchi ya Wagogo. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Gulwe ikawa stesheni ya abiria na mizigo ya Mpwapwa. Reli ilileta makarani, mafundi na wachuuzi wa makabila mbalimbali ambao lugha yao ya pamoja ilikuwa Kiswahili. Ilirahisisha pia safari ya magazeti. Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanza mwaka 1923, lilichapa mashairi ya wasomaji. Kwa hiyo mtu wa bara aliyejua kusoma aliweza kukutana na vina na mizani bila kuwa na hati ya kale wala mwalimu wa pwani.

Katika mazingira hayo alikulia Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917 Ihumwa, magharibi ya Gulwe. Mwaka 1954 ilichapishwa historia yake ya mila na desturi za Wagogo, na mwaka 1963 diwani yake ya mashairi. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake. Hata hivyo alizishika kanuni za utungaji kwa uthabiti usiopungua ule wa malenga wa pwani, akawa miongoni mwa viongozi wa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Rais Nyerere aliwataka washairi walieneze kwa wananchi. Mnyampala aliitikia kwa ngonjera: shairi la majibizano, aghalabu lenye mizani 16 katika kila mshororo, ambamo mmoja hushikilia ujinga wake na mwenziwe humwelimisha hadi wakakubaliana. Alifariki mwaka 1969. Vitabu viwili vya Ngonjera za UKUTA vilitoka mwaka 1970 na 1971, wakati uleule Operesheni Dodoma ilipokuwa ikiwahamishia Wagogo katika vijiji vya ujamaa.

Ngonjera haikuhitaji maktaba. Mwalimu aliiandika ubaoni, watoto wakaihifadhi kwa moyo, wakaighani mbele ya mgeni rasmi, na mzazi asiyejua kusoma akaisikia akiwa amesimama juani. Hivyo mizani, iliyokuwa elimu ya malenga, ikawa mazoezi ya mtoto wa shule ya msingi, na arudhi ya pwani ikatoa sauti katika sherehe za vijiji vya bara.

Wahakiki wengi wameilaumu ngonjera kwa kuwa chombo cha siasa, nao hawakukosea: mjinga wa ngonjera hushindwa kila mara, na mwanakijiji aliyehamishwa asipende hakupewa beti za kujitetea. Iko gharama nyingine pia. Kiswahili kilipopanda jukwaani, nyimbo za Kigogo na ngoma ya muheme ya wanawake zilibaki nje ya mlango wa darasa, ingawa ufundi wake hauko chini ya ule wa shairi.

Hata hivyo, kuitupa ngonjera kwa sababu ya siasa yake ni kutupa ushahidi mkubwa. Ujumbe wa ujamaa umefifia, bali umbo limedumu: harusi, mahafali na kampeni za afya bado zina ngonjera zake. Fasihi bora haidumu kwa kuhifadhiwa kabatini tu. Hudumu pia pale watu ambao haikuwa yao wanapoitia vinywani mwao na kuigeuza ifanye kazi zao. Historia ya ushairi wa Kiswahili isiyoihesabu Ihumwa, wala stesheni kama Gulwe, ni historia ya nusu ya washairi wake, na ya sehemu ndogo mno ya wasikilizaji wake.