Mwani wa kioo katika maziwa ya Antaktika

Juma hili twende mbali, mpaka kusini kabisa mwa dunia ambako hakuna kijiji wala shamba, tukatazame kitu ambacho hata ukitiwa kiganjani huwezi kukiona. Kitu hicho ni diatomu. Ni mwani wa chembe moja tu, wenye kuishi majini na penye unyevu, ambao hujijengea gamba la kioo mfano wa kasha na kifuniko chake. Ukifa, utomvu wa ndani huoza na kioo hubaki.

Wapo watakaoniuliza, sisi na mambo hayo wapi na wapi? Basi waende Kariandusi, karibu na Gilgil kule Kenya. Ile miamba myeupe iliyochimbwa pale kwa miaka mingi ni magamba matupu ya diatomu za ziwa la kale. Nimepata kushika jiwe la pale. Ni jepesi kama mkate uliokauka.

Diatomu za Antaktika zilianza kuandikwa na wataalamu baada ya safari ya Mwingereza James Clark Ross, aliyezunguka bahari zile kati ya 1839 na 1843. Kijana mmoja katika safari hiyo, Joseph Hooker, aliona barafu imetiwa rangi ya kahawia, akakusanya vielelezo, navyo vikafika Berlin kwa Profesa Ehrenberg. Lakini hao walikuwa viumbe wa baharini. Maziwa ya nchi kavu, yale madogo yanayoyeyuka kwa majuma machache kila mwaka, yalisubiri zaidi ya nusu karne.

Mwaka 1898 meli ya Wabelgiji, Belgica, ilinaswa na barafu na ikakaa humo mwaka mzima. Vielelezo ilivyorudi navyo vilipelekwa kwa Henri Van Heurck wa Antwerp, mzee aliyekwisha kuzeeka katika kazi ya hadubini. Akaona diatomu moja inayofanana sana na ya Ulaya iliyoitwa Navicula mutica. Inafanana, lakini siyo yenyewe. Mwaka 1909 akaiita Navicula muticopsis, maana yake ndiyo hiyo hiyo: inayofanana na mutica. Mwaka huo huo Van Heurck akafariki.

Wakati huo Ernest Shackleton naye alikuwa amepiga kambi Cape Royds, na mwanabiolojia wake alikuwa James Murray, Mskoti aliyezoea kupima maziwa ya kwao. Murray alichimba barafu ya maziwa ya pale akakuta wadudu wadogo mno waliogandishwa, na walipoyeyushwa wakaanza kutembea! Mwani wake ulichunguzwa Uingereza na baba na mwana, William na George West. Mwaka 1911 waliita diatomu moja Navicula murrayi, kwa heshima yake. Miaka mitatu baadaye Murray alipotea na wenzake watatu kwenye barafu ya upande wa pili wa dunia, kaskazini mwa Siberia, baada ya meli yao Karluk kupondwa. Hakuonekana tena. Jina lake limebaki kusini, katika kitu kidogo kuliko chembe ya vumbi.

Sasa lilifuata jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari. Kwa miaka mingi baada ya hapo watafiti wengi waliokwenda Antaktika walibeba vitabu vya diatomu za Ulaya, na kila walichokiona walikivalisha jina la Ulaya. Ilikuwepo imani kwamba viumbe wadogo namna hii hupeperushwa na upepo na ndege kila pembe ya dunia, kwa hiyo Antaktika isingeweza kuwa na wa kwake. Ni mtindo tunaoufahamu vizuri sisi ambao milima na maziwa yetu yalipewa majina ya wafalme wa watu.

Na hasara yake si ndogo. Kila aina ya diatomu ina maji yake: hii hupenda chumvi, ile maji matamu, nyingine husubiri majani ya ukungu penye unyevunyevu tu. Magamba yakitua kwenye tope la ziwa, tabaka juu ya tabaka, huwa daftari la hali ya hewa ya maelfu ya miaka. Ukikosea jina, umesoma daftari hilo kinyume. Tena rasi ya Antaktika ni sehemu iliyopata joto upesi sana katika nusu ya pili ya karne ya 20, na utajuaje kilichotoweka kama hukukijua kilichokuwepo?

Marekebisho yalikuja polepole. Mwaka 1990 Mwingereza David Mann alizitoa diatomu hizi katika Navicula akaziwekea jenasi yake, Luticola, ambayo hutambulika kwa kitundu kimoja kilichojitenga karibu na katikati ya gamba. Kisha mwaka 2011 Kateřina Kopalová wa Prague na wenzake, akiwemo Mbelgiji Bart Van de Vijver, wakatangaza aina mpya tano za Luticola kutoka maziwa ya kisiwa cha James Ross. Mojawapo ni Luticola permuticopsis. Mzee Van Heurck angetabasamu.

Kazi yenyewe haina makeke. Tope huchemshwa kwa haidrojeni peroksaidi mpaka kibaki kioo kitupu. Gamba hupimwa urefu na upana, mistari yake huhesabiwa katika kila sehemu moja ya mia ya milimita, kisha hutazamwa kwa hadubini ya elektroni na kulinganishwa na slaidi za wazee wale wa zamani. Slaidi ya aina mpya huhifadhiwa mahali panapojulikana, ili mwenye shaka aende akaone mwenyewe. Baada ya hapo huandikwa maelezo. Mpaka mwisho wa 2011 sheria ilitaka yawe kwa Kilatini. Tangu Januari 1, 2012 Kiingereza nacho kimekubaliwa. Makala iliyobaki unaweza kuiandika kwa Kiswahili ukipenda, lakini bila yale maelezo ya Kilatini au Kiingereza jina halihesabiki.