Kompyuta ya gemu ya kujiundia: uchaguzi wa vipuri

Kompyuta ya gemu ya kujiundia ni kompyuta ya mezani ambayo mwenyewe hununua vipuri kimoja kimoja na kuviunga nyumbani, badala ya kununua mashine iliyokamilika dukani. Kazi hii ilirahisika sana baada ya 1995, Intel ilipotoa kipimo cha ATX, kilichosawazisha umbo la bodi mama, matundu ya skrubu na plagi ya umeme kwa watengenezaji mbalimbali. Kuunga kwenyewe huchukua saa chache na bisibisi moja ya nyota. Ugumu uko katika kuchagua, kwa sababu kila kipuri huweka masharti kwa vingine: soketi ya prosesa huamua bodi mama, bodi mama huamua aina ya RAM, kadi ya grafiki huamua pawa saplai na ukubwa wa kasha. Anayenunua chochote kilichoshuka bei wiki hii huishia na vipuri vizuri visivyokubaliana.

Kioo kwanza

Wengi huanza na prosesa. Ni afadhali kuanza na kioo, na gemu zitakazochezwa humo. Kioo cha 1920 × 1080 kina nukta 2,073,600. Cha 4K kina 8,294,400, yaani mara nne kamili, na kadi ya grafiki hulazimika kuzipaka zote upya kwa kila fremu. Kasi nayo ina hesabu yake: kioo cha hezi 60 hubadilisha picha kila milisekunde 16.7, cha hezi 144 kila milisekunde 6.9. Gemu za mashindano kama Valorant na Counter-Strike 2 si nzito kwa kadi, bali hutaka fremu nyingi, na hapo mzigo huiangukia prosesa. Cyberpunk 2077 ni kinyume chake. Kadi ndiyo hutoka jasho. Mtu anayecheza Valorant peke yake kwenye kioo cha 1080 hana sababu ya kulipia kadi ya 4K, hata muuzaji aseme nini.

Kadi ya grafiki

Katika kompyuta ya gemu kadi ya grafiki ndiyo humeza sehemu kubwa ya fedha, mara nyingi theluthi moja au zaidi ya bajeti, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Watengenezaji wakuu wa chipu zake ni watatu: NVIDIA, AMD (iliyoinunua ATI mwaka 2006) na Intel, iliyorudi katika soko hili mwaka 2022 kwa kadi za Arc.

Jina la kadi halitoshi kuijua kadi. GTX 1060 ya mwaka 2016 iliuzwa ikiwa na kumbukumbu ya GB 3 au GB 6, na tofauti haikuwa kumbukumbu tu: ile ndogo ilikuwa na viini 1,152, kubwa 1,280. RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka 2024, ni dhaifu kuliko RTX 3050 ya GB 8 iliyoitangulia. RTX 5060 Ti ya 2025 nayo inauzwa kwa GB 8 na kwa GB 16. Kwa gemu mpya zenye picha nzito GB 8 zimeanza kubana hata kwenye kioo cha 1080. Kumbukumbu ya kadi ikijaa, picha hukwamakwama hata kama chipu yenyewe ina nguvu ya kutosha, na kumbukumbu hiyo haiongezwi baadaye kama RAM.

Katika soko la mtumba kuna hila ya zamani: kadi iliyochakaa, kwa mfano GTX 550 Ti, huandikwa upya BIOS yake, yaani programu yake ya msingi, ili ijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Programu ya bure ya GPU-Z imekuwa ikiwafichua wengi wa walaghai hawa tangu 2018, kwa hiyo mnunuzi aombe kadi iwashwe mbele yake na programu hiyo ifunguliwe. Kadi zilizochimba sarafu za kidijitali zilimwagika sokoni baada ya Ethereum kuacha uchimbaji mnamo Septemba 2022. Hizo si lazima ziwe mbovu. Kinachochoka zaidi ni feni, na feni hubadilishwa.

Prosesa, bodi mama na RAM

Uamuzi mkubwa hapa ni wa soketi. AM4 ya AMD, inayotumia RAM ya DDR4, ilianza 2016 na bado ilikuwa ikipata prosesa mpya mwaka 2024. Ni nadra soketi kuishi muda mrefu hivyo. Mrithi wake, AM5, alitoka 2022 na hupokea DDR5 peke yake. LGA 1700 ya Intel, iliyotoka 2021, ina bodi za DDR4 na bodi za DDR5. RAM ya moja haiingii katika nyingine, kwa kuwa pengo lake limekatwa mahali tofauti. Kwa bajeti ndogo Ryzen 5 5600 kwenye AM4, yenye viini 6, bado ni chaguo la busara. Anayetarajia kubadili prosesa baada ya miaka mitatu aende AM5.

Herufi za mwisho wa jina zina maana. F kwa Intel ni prosesa isiyo na grafiki ya ndani: bila kadi, kioo hakitaonyesha kitu. K kwa kawaida huja bila kipoza joto ndani ya boksi, na Ryzen nyingi za X ni hivyohivyo. G kwa AMD ni prosesa yenye grafiki ya ndani iliyo na nguvu, na humfaa anayetaka kuanza sasa na kuongeza kadi akipata fedha. Bodi ya B450 iliyokaa dukani miaka mingi inaweza isiitambue Ryzen ya 5000 mpaka BIOS yake isasishwe.

RAM ya GB 16 ndiyo kiasi cha kuanzia, ikiwa vipande viwili vya GB 8. Kipande kimoja hupunguza kwa nusu upana wa njia ya data. Bodi ikiwa na nafasi nne, vipande huwekwa katika ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa. Kasi iliyoandikwa kwenye boksi haiji yenyewe. Ni lazima mpangilio wa kasi uitwao XMP au EXPO uwashwe katika BIOS ya bodi. Kuelekea mwisho wa 2025 bei ya RAM ilipanda vibaya kwa sababu ya mahitaji ya vituo vya data vya akili mnemba, na bodi za DDR4 zikapata mvuto mpya kwa mwenye vipande vya zamani.

Diski iwe SSD. Ya NVMe ni bora, lakini ya SATA haimharibii mtu gemu.

Pawa saplai

Hapa ndipo wanaoanza hubana senti pasipostahili. Kompyuta yenye Ryzen 5 5600 na RTX 4060, kadi ya wati 115, haivuki wati 300 wakati wa gemu, kwa hiyo pawa saplai nzuri ya wati 550 inatosha na kubaki. Tatizo ni neno “nzuri”. Kibandiko cha ubavuni husema zaidi ya namba ya mbele: volti 12 kwa ampea 20 ni wati 240 tu, hata kama boksi limeandikwa 500. Alama ya 80 Plus, iliyoanzishwa 2004, hupima ni kiasi gani cha umeme hakipotei kuwa joto. Haipimi ulinzi wala ubora wa vipuri vya ndani.

Pawa saplai za bei ya chini huwa na swichi nyuma yenye alama 115 na 230. Afrika Mashariki, ambako umeme ni wa volti 220 hadi 240, ikiachwa kwenye 115 hulipuka mara inapowashwa. Zilizo bora hupokea volti 100 hadi 240 bila swichi, na huvumilia umeme mdogo wa saa za jioni zaidi kuliko nyingine. Umeme unapokatika kila mara, UPS huokoa faili, ila baadhi ya UPS za bei nafuu haziivani na pawa saplai za kisasa kwa sababu wimbi lake la umeme limekatwakatwa. Waya za pawa saplai ya kampuni moja zisichomekwe kwenye ya kampuni nyingine hata plagi zikifanana: mpangilio wa nyaya upande wa pawa saplai hauna kipimo cha pamoja, na diski nyingi zimeungua kwa njia hiyo.

Kasha

Pima urefu wa kadi na kimo cha kipoza joto kabla ya kulipa. Kasha lenye wavu mbele hupumua vizuri kuliko la kioo kitupu, jambo lenye uzito Mombasa au Dar es Salaam, ambako hewa ya chumbani yenyewe mara nyingi hupita nyuzi 30.

Kompyuta za ofisi za mtumba

Njia iliyozoeleka ni kununua kompyuta ya ofisi iliyotumika Ulaya, ambayo Kenya huitwa “ex-UK”, na kuitia kadi. Inawezekana, kwa mipaka. Dell OptiPlex nyingi za miaka ya 2010 zina bodi na plagi za umeme zisizofuata ATX, hivyo pawa saplai ya kawaida haiingii bila adapta. Kadi inayofaa ni ile isiyohitaji waya wa ziada, kwani nafasi ya PCIe, inamochomekwa kadi, hutoa wati 75 tu: GTX 1650 nyingi zinatosha humo. RX 6400 inaingia hata kwenye kasha jembamba, lakini hutumia njia nne tu za PCIe na hupoteza kasi kwenye bodi za zamani. Mashine yenye Intel ya kizazi cha saba kurudi nyuma, isipokuwa chache, haimo katika orodha ya Windows 11, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.