Kutengeneza hesi za studi katika injini ya baiskeli

Kutengeneza hesi za studi ni kazi ya ufundi inayofanywa kwenye injini ndogo ya baiskeli pale hesi zilizokatwa ndani ya alumini zinapoliwa na hedi ya silinda ikawa haikaziki tena. Studi ni boliti isiyo na kichwa, yenye hesi kwenye ncha zote mbili: ncha moja huingia ndani ya injini, na nyingine hupokea nati. Kwa kawaida kinachokufa si studi yenyewe bali tundu inamoingia, kwa sababu alumini ni laini kuliko chuma cha pua au chuma cha kawaida. Ndiyo maana kununua studi mpya peke yake hakuponyi tatizo.

Muundo wa injini

Injini zinazohusika hapa ni za petroli za mapigo mawili, zinazouzwa kama seti na kufungwa katikati ya fremu ya baiskeli ya kawaida. Nyingi hutengenezwa China, na kwa umbo zinafanana sana na injini za D zilizotumika zamani katika Umoja wa Kisovyeti. Saizi zinazoonekana zaidi ni mbili, ya sentimita za ujazo 48 na ya 66. Hiyo ya pili mara nyingi hutangazwa kuwa ni ya 80, lakini hesabu inakataa: kipenyo cha silinda ni milimita 47 na mwendo wa pistoni ni milimita 38, hivyo ujazo wake haufiki hata 66 kamili.

Hedi hushikwa na studi 4 ndefu za M6 au M8. Studi hizo hupita katika matundu ya silinda na kujikita kwenye kasha la krenki lililo chini. Maana yake ni kwamba studi zilezile hubana viungo viwili kwa pamoja, yaani gasketi ya juu iliyo kati ya hedi na silinda, na gasketi ya chini iliyo kati ya silinda na kasha.

Hatari yake ipo hapo. Katika injini ya mapigo mawili mchanganyiko wa hewa, petroli na oili hupita kwanza ndani ya kasha la krenki. Gasketi ya chini ikilegea, kasha huvuta hewa ya ziada isiyopita kwenye kabureta. Mchanganyiko huwa hafifu, joto hupanda, na kwa kuwa oili huja pamoja na petroli, ulainishaji nao hupungua. Pistoni inaweza kushika ghafla ndani ya silinda. Ikishika baiskeli ikiwa kwenye mwendo, mnyororo husimamisha gurudumu la nyuma kabla mwendeshaji hajawahi kubana klachi.

Kwa nini hesi huliwa

Sababu kubwa ni kukaza kupita kiasi. Studi ya M8 iliyokazwa kwa newtoni mita 15 hubana kwa nguvu inayokaribia newtoni 9,000, sawa na uzito wa kilo 900 hivi. Kwa upande mwingine, gesi ikifikia shinikizo la bar 30 ndani ya silinda ya milimita 47, huisukuma hedi kwa newtoni 5,200 tu, na mzigo huo hugawanywa kwa studi 4. Fundi anayeongeza bomba kwenye spana ili hedi "isivuje" haongezi chochote cha maana. Anachofanya ni kuzivuta hesi za alumini hadi zing'oke.

Sababu ya pili ni joto. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kwa urefu wa milimita 100, joto likipanda kwa nyuzi 100 za Selsiasi, silinda ya alumini huizidi studi ya chuma kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, na mvuto ndani ya studi huongezeka. Injini iliyokazwa tayari karibu na kikomo huishia kwenye alumini kuachia.

Kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaitambui. Seti nyingi huja na nati za kofia, zilizozibwa upande mmoja. Studi ikichomoza mno, ncha yake hugonga kofia kwa ndani kabla nati haijaibana hedi. Mkono unahisi ugumu, mtu anadhani amekaza, hedi bado inacheza. Hapo huongeza nguvu, na tundu la chini huharibika. Nati za kawaida zilizo wazi, zikiwekwa juu ya washa nene, huondoa kabisa mtego huu.

Kutambua tatizo

Nati inayozunguka bila mwisho ndiyo dalili ya wazi. Kabla ya hapo huonekana oili nyeusi kwenye mzingo wa hedi, sauti ya kupumua kama "fsss" pistoni inapopanda, na injini kukosa nguvu. Nati ifunguliwe na kukaguliwa kwanza, kwani pengine iliyoliwa ni yenyewe, na hiyo ni kazi ya dakika tano. Studi ikitoka na vipande vya alumini vilivyojiviringisha katika hesi zake kama springi ndogo, basi tundu limekufa.

Kutoa studi

Injini iachwe ipoe, na tangi la petroli liondolewe kabisa kwenye baiskeli kabla ya joto la aina yoyote kutumika. Studi nzima hutolewa kwa kufunga nati mbili juu yake, kuzikaza zigandamane, kisha kuzungusha ile ya chini kwa spana. Iliyoshika kutu hupakwa mafuta ya kulegeza kutu na kuachwa usiku kucha. Iliyokatikia ndani hupigwa alama katikati kabisa kwa senta panchi na kutobolewa taratibu, kuanzia biti ndogo. Biti ikipotea njia na kuingia upande wa alumini, kazi huongezeka maradufu.

Kuweka hesi mpya

Njia inayoaminika zaidi ni ya koili ya hesi, ambayo wengi huijua kwa jina la kibiashara la Helicoil. Ni waya wa chuma kisichoshika kutu uliosokotwa kama springi: upande wake wa nje huingia kwenye hesi mpya kubwa zilizokatwa katika alumini, na wa ndani hubaki na saizi ileile ya studi. Kwa kuwa mzigo sasa unabebwa na eneo pana zaidi la alumini, tundu lililotengenezwa vizuri huwa imara kuliko lilivyotoka kiwandani.

Kwanza mdomo wa kasha huzibwa kwa kitambaa safi kilichopakwa grisi, maana chembe moja ya alumini kwenye beringi za krenki inatosha kuua injini. Tundu la M8 hupanuliwa kwa biti ya milimita 8.3, na la M6 kwa biti ya 6.3. Biti lazima isimame wima. Mashine ya drili ya mezani ni bora kuliko ya mkononi, kwa kuwa studi iliyopinda kidogo chini haitapita katika silinda juu. Hesi hukatwa kwa kikata hesi kinachokuja na seti ya koili, si kile cha kawaida cha M8. Mafuta ya taa ni kilainishi kizuri cha kukatia alumini. Kikata hesi huzungushwa nusu mzunguko mbele na robo nyuma ili kuvunja chembe.

Koili husokotwa kwa kifaa chake hadi izame robo au nusu ya mzunguko chini ya uso wa alumini. Kijino cha chini huvunjwa kwa kugongwa mara moja na kutolewa. Kina cha hesi zinazoshika kiwe angalau mara moja na nusu ya kipenyo cha studi, yaani milimita 12 kwa M8.

Pasipo koili, fundi wa kerezo anaweza kuchonga bushi ya chuma yenye hesi ndani na nje, au studi ya ngazi yenye M10 chini na M8 juu. Alumini iliyomeguka pembeni huhitaji kuchomelewa kwa gesi ya agoni na kutobolewa upya. Gundi ya epoksi haistahimili mvuto na joto la mahali hapa. Kuzungushia studi waya mwembamba wa shaba kunaweza kumfikisha mtu nyumbani, basi.

Kufunga na kukaza

Studi husokotwa kwa mkono hadi mwisho, kisha hurudishwa kidogo. Uso wa hedi husawazishwa kwa kuusugua juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo, na gasketi zote mbili ziwe mpya. Nati hukazwa kwa mshazari na kwa awamu tatu, kwa mfano 5, 10 na 15 newtoni mita kwa M8. Kwa M6 mwisho uwe karibu 9.

Asiye na spana ya kupimia anaweza kutumia mizani ya springi ya kuning'iniza. Mizani hufungwa kwenye spana, sentimita 20 kutoka katikati ya nati, na kuvutwa kwa pembe mraba. Ikisoma kilo 7 na nusu hivi, nati imefikia newtoni mita 15.

Baada ya injini kuwaka mara ya kwanza na kupata joto, huzimwa na kuachwa ipoe kabisa, kisha nati zote hupimwa tena, kwa sababu gasketi mpya hulala na kupunguza mbano.