Msimu United Waliocheza Daraja la Pili

Manchester United wameshuka daraja mara 5: mwaka 1894, 1922, 1931, 1937 na 1974. Kijana aliyeanza kuipenda timu hiyo kwenye vibanda umiza vya Dar es Salaam zama za kocha Alex Ferguson hukataa kuamini, hasa akiambiwa kwamba mara ya mwisho ilikuja miaka 6 tu baada ya Kombe la Ulaya kutua Old Trafford. Ajabu zaidi ni kilichofuata. Msimu wa 1974–75, wakicheza Daraja la Pili, United walijaza uwanja kuliko klabu yoyote ya Uingereza, wakiwemo Derby County waliokuwa mabingwa wa Daraja la Kwanza mwaka huo. Kushuka daraja wakati ule hakukuwa kifo. Kwa nini? Jibu lake linaanzia mbali.

Ligi ya Uingereza ilianzishwa mwaka 1888 na klabu 12, kwa juhudi za William McGregor wa Aston Villa. Daraja la Pili lilizaliwa mwaka 1892, ligi pinzani iliyoitwa Football Alliance ilipomezwa. Newton Heath, timu ya wafanyakazi wa reli ambayo baadaye ilikuja kuitwa Manchester United, iliingizwa moja kwa moja Daraja la Kwanza, na msimu wake wa kwanza ikashika mkia. Lakini siku hizo wa mwisho hakushuka hivi hivi. Alicheza mechi ya kupimana nguvu na bingwa wa daraja la chini, na aliyeshinda ndiye aliyekaa juu. Bingwa wa kwanza wa Daraja la Pili, Small Heath, ambao leo ni Birmingham City, alikutana na Newton Heath mwaka 1893, wakatoka sare, wakarudiana, akafungwa 5-2. Ubingwa anao, kupanda hapandi.

Mwaka uliofuata Newton Heath hawakuponea tena. Waliangukia mikononi mwa Liverpool, timu changa iliyomaliza msimu mzima wa Daraja la Pili bila kupoteza mechi. Liverpool walishinda 2-0, wakapanda, na Newton Heath wakashuka. Mashabiki wa Liverpool wanaotafuta mzizi wa utani wao na United wanaweza kuchimba hapo.

Mechi hizo za kupimana zilijiua zenyewe mwaka 1898. Stoke na Burnley walikutana katika mechi ya mwisho huku kila mmoja akihitaji sare tu. Yaliyotokea hayahitaji mwalimu wa hesabu: 0-0, na hakuna aliyelijaribu lango la mwenzake. Wakuu wa ligi wakaona aibu, wakaamua kwamba kuanzia hapo timu 2 zitashuka na 2 zitapanda, basi.

Utaratibu huo nao ulipindishwa mwaka 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ligi ilipopanuliwa. Arsenal, ambao kabla ya vita hawakumaliza hata katika nafasi 4 za juu za Daraja la Pili, walipigiwa kura 18 dhidi ya 8 za Tottenham na kupandishwa. Mwenyekiti wao, Henry Norris, alikuwa mtu wa kujuana na wakubwa. Arsenal hawajashuka tangu siku hiyo, na mashabiki wao hujivunia rekodi hiyo kwa haki kabisa. Namna walivyopanda huwa hawaizungumzii sana.

Kwa klabu nyingine kubwa, kupanda na kushuka lilikuwa jambo la kawaida. Manchester City walishuka mwaka 1938 wakiwa mabingwa watetezi, tena wakiwa wamefunga mabao mengi kuliko timu nyingine yoyote katika daraja lao. Liverpool walikaa Daraja la Pili kuanzia 1954 hadi 1962, mpaka kocha Bill Shankly alipowatoa. United wenyewe nusura wazame zaidi. Siku ya mwisho ya msimu wa 1933–34 walikwenda kwa Millwall wakijua kwamba wakishindwa kupata ushindi wataangukia Daraja la Tatu. Walishinda 2-0, na Millwall ndio walioshuka badala yao.

Hakuna aliyefilisika kwa kushuka peke yake, na sababu ilikuwa mfumo wa fedha. Hadi mwaka 1961 mchezaji wa Uingereza hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni 20 kwa wiki, awe juu au chini. Klabu iliweza kumzuia mchezaji hata mkataba wake ulipokwisha. Fedha ziliingia kupitia mlangoni, na mapato ya mlangoni yaligawanywa, timu ngeni ikipata fungu lake. Televisheni ilikuwa na mchango mdogo sana. Kwa hiyo klabu yenye mashabiki wengi ilishuka pamoja na mashabiki wake, na mashabiki ndio waliokuwa benki yake.

Twende sasa kwa United wenyewe. Mei 1968 waliifunga Benfica 4-1 Wembley na kuwa klabu ya kwanza ya England kutwaa Kombe la Ulaya, miaka 10 baada ya ajali ya ndege ya Munich iliyoua watu 23, 8 kati yao wachezaji. Matt Busby aliyeijenga timu hiyo aling'atuka mwaka uliofuata. Kosa lilifanyika hapo: kikosi kilikuwa kinazeeka na hakuna aliyethubutu kukivunja. Wilf McGuinness alijaribu, akaondolewa. Frank O'Farrell akafuata, naye akatimuliwa Desemba 1972 baada ya kupigwa 5-0 na Crystal Palace. Akaja Tommy Docherty, Mskoti mwenye maneno mengi, aliyeacha kuifundisha timu yake ya taifa ili kushika kazi hiyo.

Docherty alifagia. Kufikia majira ya joto ya 1973 Bobby Charlton alikuwa amestaafu United na Denis Law ameruhusiwa kwenda Manchester City bila malipo. George Best alicheza mechi yake ya mwisho tarehe 1 Januari 1974. Waliobaki hawakujua kufunga: mabao 38 katika mechi 42. Mambo yalikuwa mabaya kiasi kwamba kipa, Alex Stepney, alipewa kazi ya kupiga penalti. Alifunga 2, na kuna kipindi alihesabika miongoni mwa wafungaji bora wa timu.

Tarehe 27 Aprili 1974 City walikuja Old Trafford. Zikiwa zimebaki dakika chache, Law alisukuma mpira wavuni kwa kisigino, akiwa amewapa kisogo watu waliomshangilia miaka 11. Hakushangilia. Alitolewa nje mara moja, mashabiki wakavamia uwanja, mechi ikavunjika na matokeo ya 1-0 yakaachwa yasimame. Hadithi ya vijiweni inasema Law ndiye aliyeishusha United. Si kweli. Birmingham City walishinda siku hiyo, na ushindi wao ulitosha kuwashusha United hata kama Law angebaki nyumbani kwake. Bao hilo lilikuwa la mwisho kwake katika ligi ya Uingereza. Miezi miwili haijatimia, alicheza mechi yake ya mwisho kwa Uskoti, katika Kombe la Dunia mjini Dortmund, na wapinzani walikuwa Zaire, Leopards wa Kinshasa. Uskoti walishinda 2-0. Nyuma yake siku hiyo alisimama beki wa United, Jim Holton, aliyekuwa anasubiriwa na Daraja la Pili.

Bodi ya United haikumfukuza Docherty. Busby, aliyekuwa mkurugenzi, alitaka aachwe afanye kazi. Wachezaji nao hawakutawanyika. Martin Buchan alibaki, Lou Macari alibaki, Willie Morgan alibaki. Fedha kubwa iliyotoka ilikuwa pauni 200,000 za kumnunua mshambuliaji Stuart Pearson kutoka Hull City, timu ya Daraja la Pili. Kununua mtu anayelijua daraja unalokwenda ni busara ambayo klabu nyingi hukosa.

Msimu ulianza tarehe 17 Agosti 1974 kwenye uwanja mdogo wa Orient, mashariki mwa London. United walishinda 2-0. Millwall wakaja Old Trafford wakala mabao 4, matatu kati ya hayo ya kiungo chipukizi Gerry Daly. United hawakufungwa hadi walipokwenda Norwich mwishoni mwa Septemba. Docherty alikuwa ameacha woga wa msimu uliopita. Alicheza na mawinga, akawaambia vijana washambulie, ugenini kama nyumbani. Macari, ambaye Daraja la Kwanza lilimshinda kama mshambuliaji, alirudishwa kiungo na akazaliwa upya.

Mechi mbili zinatosha kuonyesha msimu huo ulikuwaje. Tarehe 30 Novemba Sunderland walikuja Old Trafford mbele ya watu zaidi ya 60,000. Sunderland hawakuwa timu ya kubeza: mwaka mmoja na nusu nyuma, wakiwa Daraja la Pili hilo hilo, walikuwa wamewafunga Leeds United na kuchukua Kombe la FA. Ulikuwa mchezo wa kushambuliana tangu mwanzo hadi mwisho, na United wakashinda 3-2. Wiki moja baadaye walikwenda kwa Sheffield Wednesday, timu iliyokuwa inaelekea kuzimu, na zikatoka 4-4. Siku hiyo Holton alivunjika mguu, na hakuichezea tena timu ya kwanza ya United. Daraja la Pili halikuwa mahali pa kupumzika.

Wala United hawakuwa malaika. Walsall wa Daraja la Tatu waliwatoa katika Kombe la FA. Katika Kombe la Ligi walifika nusu fainali na kutolewa na Norwich, ambao nao walifungwa fainali na Aston Villa. Angalia vizuri: Norwich na Villa wote walikuwa Daraja la Pili. Mwaka huo huo Fulham, pia wa Daraja la Pili, walicheza fainali ya Kombe la FA wakiwa na Bobby Moore. Kwa ubora, pengo kati ya ghorofa ya juu na ya chini lilikuwa la ngazi moja tu.

Mapema mwaka 1975 Docherty aliongeza kijana mmoja, Steve Coppell, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Liverpool aliyekuwa akichezea Tranmere Rovers. Bei yake ilikuwa pauni 60,000. Alikuja kuwa winga wa timu ya taifa ya England, na sijui kama United wamewahi kufanya biashara nafuu kuliko hiyo. Aprili 5, bao la Macari ugenini kwa Southampton liliwapandisha. Walimaliza wakiwa mabingwa kwa pointi 61, enzi ushindi ukiwa na pointi 2, Villa wakifuata na 58 na Norwich 53. Pearson alifunga 17 katika ligi. Wastani wa watazamaji Old Trafford ulizidi 48,000.

Wageni wao nao walichuma. Kila mahali United walipokwenda, Oxford, York, Bristol, uwanja ulifurika na mhasibu wa klabu mwenyeji akatabasamu. Wenye maduka hawakutabasamu. Maelfu ya vijana waliosafiri na timu walipigana mitaani, wakavunja vioo na mabehewa ya treni. Cardiff kulikuwa na vurugu mwezi Agosti tu, msimu haujapoa. Old Trafford penyewe paliwekwa uzio wa chuma mwaka 1974. Wanaousimulia msimu huo kama karamu tupu huyaruka haya, na si haki. Uzio wa aina hiyo ulienea Uingereza nzima, na mwaka 1989 watu walibanwa dhidi yake hadi kufa pale Hillsborough.

Kiuchezaji, matunda yalionekana haraka. Mwaka 1976 United walimaliza wa 3 Daraja la Kwanza na kufika fainali ya Kombe la FA, wakafungwa 1-0 na Southampton, waliokuwa bado Daraja la Pili. Mwaka 1977 wakalichukua kombe hilo mbele ya Liverpool. Nottingham Forest walikwenda mbali zaidi. Katika msimu ule wa United, Forest walikuwa wanasuasua daraja hilo hilo pale kocha Brian Clough alipowasili Januari 1975. Walipanda 1977 kwa kushika nafasi ya 3, wakawa mabingwa wa Uingereza 1978, na mabingwa wa Ulaya 1979 na 1980.

Kisha msingi wa mambo hayo ukabomolewa, tofali moja baada ya jingine. Mwaka 1978 wachezaji walipata uhuru wa kuondoka mkataba unapokwisha, na walistahili. Mwaka 1983 klabu kubwa zilifanikiwa kubakiza mapato yote ya mlangoni kwao, na hapo Orient na York wakapoteza fungu lao. Mwaka 1992 Daraja la Kwanza lilijitenga na kuwa Ligi Kuu, na fedha za televisheni zikaenda nalo. Daraja la Pili, linaloitwa Championship tangu 2004, lina timu 24 na mechi 46, na mchujo wa mwisho Wembley huitwa mechi yenye fedha nyingi kuliko zote duniani. Timu inayoshuka hulipwa fidia kwa miaka kadhaa ili isife ghafla, na wale ambao hawajawahi kupanda hushindana nayo mikono mitupu.

Utamu wa daraja hilo haujaisha. Julai 2020 mzaliwa wa Siaya, Kenya, Clarke Oduor, aliifungia Barnsley bao la dakika za nyongeza ugenini kwa Brentford. Bao hilo moja lilisaidia kuwaokoa Barnsley wasishuke, na Brentford, waliohitaji ushindi, wakaikosa nafasi ya kupanda moja kwa moja. Leicester walipanda mwaka 2014 na kuwa mabingwa wa Uingereza 2016.

Lakini msimu kama wa United wa 1974–75 hauwezekani tena. Klabu kubwa ikishuka leo, Macari angekuwa ameuzwa kufikia Julai, Buchan angekuwa na kipengele cha kuondoka kwenye mkataba wake, na Docherty, aliyeshinda mechi 10 tu kati ya 42 za msimu wa kushuka, asingeuona mwezi wa Februari.